Mtoto Haharishi, Mbona Hakui?

Katika vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, Wema kikiwa kimojawapo, afya ya tumbo la mtoto hupimwa kwa swali moja: anaharisha au haharishi? Ni miongoni mwa maswali ya mwanzo ambayo mama huulizwa anapofika zahanati na mwanawe mgongoni, na wahudumu wa afya ya jamii hupita nalo nyumba kwa nyumba maji ya mafuriko yanapoanza kupungua. Idadi ya wanaoharisha ikishuka, husemwa kwamba hali imetulia, na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Swali hilo limeokoa maisha mengi na hakuna sababu ya kulidharau. Hata hivyo, kuna ugonjwa wa tumbo ambao swali hilo haliugusi. Mtoto anaweza kukaa miezi mingi bila kuharisha hata mara moja, anacheza na wenzake, anakula ugali wake, huku ukuta wa utumbo wake ukiwa umevimba na kuchakaa kwa sababu ya vita visivyokwisha kati ya kinga ya mwili wake na protini za bakteria anaowameza kila siku. Dalili inayoonekana iko kwenye kitabu cha kliniki tu: urefu wake haupandi kama unavyopaswa. Makala haya yanatetea jambo moja, kwamba maadamu tunahesabu kuharisha peke yake, tutaendelea kutangaza ushindi mahali ambapo watoto bado wanadumaa.

Wema ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala huu kwa sababu ya mto wenyewe. Ni kijiji cha Wapokomo katika eneo la Garsen, ndani ya delta ya mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, delta ambayo mwaka 2012 iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mafuriko ndiyo yanayoleta udongo mpya wa mpunga na migomba, na kiangazi kinapokaza, malisho yanayobaki delta huvuta ng'ombe wa wafugaji Waorma kutoka mbali. Watu, mifugo na mashamba wanategemea maji yaleyale. Mto unapofurika kupita kiasi, kama ilivyotokea wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, kisha 2018, mwisho wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, vyoo vya shimo hujaa maji na kilichokuwa shimoni huishia mtoni na visimani. Kipindupindu hufuata. Februari 2023 Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti nne za kwanza kupewa chanjo ya matone ya kipindupindu katika mlipuko ulioanza mwaka uliotangulia, pamoja na Nairobi, Garissa na Wajir. Mei 2024, baada ya mafuriko, Shirika la Afya Duniani lilitangaza wagonjwa 44 wa kipindupindu katika kaunti hiyohiyo. Takwimu hizo zilifika magazetini, na zilistahili kufika. Lakini bakteria waliomo ndani ya maji hayo ni wa aina nyingi, na wengi wao hawamlazi mtu kitandani kwa siku moja. Hao hufanya kazi yao polepole.

Ili kuelewa kazi hiyo, ni lazima kwanza tuuangalie utumbo wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na safu moja tu ya seli, na seli hizo hufa na kubadilishwa na nyingine kila baada ya siku chache. Ukuta umejikunja na kuota vijidole vidogo mno, vinavyoongeza nafasi ya kufyonza chakula. Kwa mtu mzima eneo lote la ndani la mfumo wa chakula linakadiriwa kuwa mita za mraba 30 hivi. Upande mmoja wa safu hiyo kuna chakula na bakteria. Upande wa pili kuna damu. Mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, wengi wao wakiishi katika utumbo mpana, na karibu wote hawamdhuru. Kinga ya mwili iko katika hali ngumu hapa. Ikipigana na kila bakteria inayemkuta, utumbo utakuwa jeraha la kudumu. Ikinyamaza kabisa, adui mmoja atakayepenya ataingia kwenye damu na kuua. Kwa hiyo imebidi mwili ujifunze kutambua hatari kwa alama chache za kuaminika, na nyingi kati ya alama hizo ni vipande vya bakteria wenyewe, zikiwemo protini zao.

Protini iliyochunguzwa sana ni flajelini. Bakteria wengi wa tumboni huogelea kwa kuzungusha mkia mrefu mwembamba, na mkia huo umejengwa kwa maelfu ya nakala za protini hiyo moja, zilizopangwa na kushikana. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Alan Aderem mjini Seattle, Marekani, lilionyesha kwamba mwili una kipokezi maalumu cha flajelini, kinachojulikana kama TLR5. Mwaka huohuo Andrew Gewirtz na wenzake waligundua jambo la ajabu zaidi: katika seli za ukuta wa utumbo walizozichunguza, kipokezi hicho hakikukaa upande wa juu, unaotazama chakula, bali upande wa chini, unaotazama damu. Flajelini ikimwagwa juu ya seli, hakuna kilichotokea. Ikifika chini yake, seli ilipiga kelele. Maana yake ni kwamba mwili haumuulizi bakteria jina lake tu, unamuuliza pia amefikaje pale alipo. Bakteria akielea katikati ya utumbo ni mpangaji. Protini yake ikikutwa nyuma ya ukuta, huo ni ushahidi kwamba ukuta umevunjwa. Tena alama hii imechaguliwa kwa werevu, kwa sababu sehemu ya flajelini inayotambuliwa na kipokezi ni ileile inayoshikanisha vipande vya mkia. Bakteria akiibadilisha ili ajifiche, kwa kawaida mkia wake hauungani tena na hawezi kuogelea. Wachache wamepata njia ya kukwepa, wakiwemo Campylobacter, anayeenea sana kupitia kuku, na Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo.

Flajelini ikishika kipokezi chake, mfululizo wa matukio huanza ndani ya seli. Ishara hufika kwenye kiini, ambako protini iitwayo NF-kappa B huamsha jeni za dharura. Seli huanza kutoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ikiwa interlukini 8, na wanaoitikia wito huo kwanza ni nutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu zinazosafiri kwa wingi na kwa kasi. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji huvujia kwenye nyama, na nutrofili hupenya hadi kwenye ukuta, hula bakteria na kumwaga vimeng'enya na kemikali kali. Hali hii nzima ya nyama kuwa nyekundu, kuvimba na kuuma ndiyo iitwayo mchochota. Kwa siku mbili tatu ni hali ya kuokoa maisha. Ubaya wake ni kwamba kemikali zile hazichagui. Zinaunguza seli za mwenye mwili pamoja na bakteria, zinalegeza viungo vinavyoshikanisha seli na seli, na ukuta uliolegea hupitisha flajelini zaidi, nayo huita nutrofili zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika utumbo wa namna hii, anayemla mtoto ni mlinzi wake mwenyewe, aliyeamshwa mara nyingi mno.

Kuna bakteria waliojifunza kufaidika na ugomvi huo. Salmonella hujenga mtambo wa protini wenye umbo la sindano, anaodunga nao seli ya utumbo na kuingizia ndani yake protini zinazoilazimisha seli kumkaribisha. Seli nayo ina walinzi wa ndani, protini za jamii ya NAIP, ambazo hutambua flajelini na protini za sindano yenyewe. Zikiguswa, seli hutoa wito mkali na mara nyingi hujitoa mhanga kwa kujibandua ukutani. Ungedhani Salmonella angeshindwa. Mwaka 2010 Sebastian Winter, Andreas Bäumler na wenzao walionyesha kinyume chake. Kemikali kali za nutrofili hugeuza salfa iliyomo ndani ya utumbo kuwa tetrathionati, na Salmonella anaweza kuitumia tetrathionati hiyo kupumua pasipo na oksijeni, jambo ambalo wakazi wengi wa kawaida wa utumbo hawaliwezi. Mchochota uliokusudiwa kumwangamiza unamwondolea washindani. Ugunduzi huo ni muhimu kwa hoja yetu, kwani unavunja dhana rahisi kwamba mwili ukipigana kwa nguvu zaidi, mtoto hupona zaidi. Nguvu ya kinga na afya ya mtoto havipandi pamoja siku zote.

Hapa ndipo kipindupindu, ugonjwa tunaouogopa na kuuhesabu kuliko yote, kinapotupotosha. Sumu ya kipindupindu pia ni protini, lakini kazi yake ni tofauti. Hushika uso wa seli za utumbo, sehemu yake moja ikaingia ndani, na seli ikaamriwa kumwaga chumvi na maji bila kikomo. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku na kufa ndani ya saa chache, ilhali ukuta wa utumbo wake uko mzima kwa sehemu kubwa na mchochota ni mdogo. Ndiyo sababu maji ya ORS hufanya kazi: njia ya kufyonza sukari na chumvi haijaharibika, na maji hufuata humo. Sasa linganisha hali hiyo na ile ya Shigella, bakteria aliyetambuliwa na Kiyoshi Shiga wa Japani mwaka 1897. Huyu huingia ndani ya seli kwa mtambo wa sindano kama wa Salmonella, huchokoza mchochota mkali, na choo hutoka na damu na kamasi. Yupo pia katika miili ya watoto wasioharisha kabisa, akichokoza kidogo kidogo. Kwa hiyo wingi wa choo cha maji haupimi uharibifu wa utumbo. Ugonjwa unaotoa maji mengi kuliko yote unaweza kuuacha ukuta salama, na ule usiotoa chochote unaweza kuula.

Ushahidi wa ugonjwa huu wa kimya haukuanza jana. Mwaka 1969 G. C. Cook, S. K. Kajubi na F. D. Lee walichapisha uchunguzi wao wa utumbo mwembamba wa Waafrika nchini Uganda, wakaonyesha kwamba umbo la vijidole vya utumbo lilitofautiana na lile lililozoeleka katika vitabu vya Ulaya. Mtu angeweza kusema hayo ni maumbile tu ya Waafrika. Jibu lilikuwa limeanza kupatikana kwingine. Mwaka 1966 John Lindenbaum na wenzake walieleza jinsi vijana wa Kimarekani waliojitolea kupitia Peace Corps na kuhamia Pakistan walivyopata mchochota wa utumbo na kushindwa kufyonza virutubisho vizuri, na taarifa ya 1971 ikaonyesha kwamba utumbo ulirudi katika hali yake baada ya watu wa namna hiyo kurejea kwao. Tatizo liko katika mazingira, wala si katika ukoo. Leo wataalamu huiita hali hiyo enteropathi ya mazingira: vijidole vimefupika, ukuta unavuja, chembe nyeupe zimejaa pasipo maradhi ya wazi. Huipima kwa kumnywesha mtoto sukari mbili zisizotumika mwilini na kuangalia ni kiasi gani kinatoka kwenye mkojo, au kwa kutafuta katika damu yake kingamwili dhidi ya flajelini, ishara kwamba protini hiyo imekuwa ikivuka ukuta.

Uhusiano wa hali hiyo na kimo cha mtoto uliwekwa wazi nchini Gambia mwaka 1991, pale Peter Lunn na wenzake walipoonyesha kwamba kuvuja kwa utumbo kuliendana na hadi asilimia 43 ya tofauti katika kupungua kwa ukuaji wa watoto wachanga waliowafuatilia. Baadaye mradi mkubwa wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, ikiwemo Tanzania kwenye kituo cha Haydom, mkoani Manyara, ulipata mwaka 2018 kwamba watoto waliobeba Shigella, Campylobacter na aina fulani za Escherichia coli walikua vibaya hata pale ambapo hawakuharisha. Zimbabwe, watoto waliodumaa walikutwa na dalili za mchochota katika damu tangu uchanga, pamoja na upungufu wa IGF-1, homoni inayoendesha kurefuka kwa mifupa. Inafaa kusema wazi kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Lakini hapa kuna njia inayoeleweka kutoka mwanzo hadi mwisho: protini ya bakteria huamsha mchochota, mchochota hupunguza ufyonzaji na kushusha homoni ya ukuaji, na nishati ambayo ingejenga mfupa hutumika kulisha kinga.

Pwani ya Kenya imetoa ushahidi ulio mzito zaidi, kwa sababu ulitokana na majaribio yenye makundi ya kulinganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Tanja Jaeggi, Michael Zimmermann na wenzao uliwahusu watoto 115 wa miezi sita kwenye pwani ya kusini. Wote walipewa uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa virutubisho kwa miezi minne. Wengine unga wao ulikuwa na madini ya chuma, wengine haukuwa nayo. Nia ilikuwa njema, kwani upungufu wa damu ni tatizo kubwa huku. Lakini bakteria wengi hatari huhitaji chuma ili kuongezeka, na sehemu kubwa ya chuma cha kwenye uji haifyonzwi, hubaki utumboni. Watoto waliopewa chuma waliongezeka bakteria wa jamii ya Escherichia na Shigella, na choo chao kilikuwa na kalprotektini zaidi, protini inayoachwa na nutrofili na ambayo hupimwa duniani kote kama kipimo cha mchochota wa utumbo. Mwaka 2017 Daniela Paganini na wenzake walijaribu tena huko Kwale, safari hii wakiongeza kwenye unga wa chuma aina ya sukari inayolisha bakteria wema, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilipungua. Majaribio haya mawili yanatuonyesha kwamba aina ya bakteria ikibadilika, mchochota nao hubadilika, na kwamba unaweza kupanda au kushuka kwa kitu kidogo kama kijiko cha unga kwenye uji. Pia yanatuonya kwamba msaada unaotolewa kwa nia njema kwenye utumbo uliojaa bakteria hatari unaweza kuwanufaisha bakteria kabla ya mtoto.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia kijijini ni kwamba wazee walikunywa maji ya mto huu na wakaishi. Ni kweli kwamba wapo walioishi, na hao ndio tunaowaona; waliozikwa wakiwa wachanga hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Pia mtu anaweza kuishi miaka 80 akiwa amepoteza sentimita kadhaa za kimo chake utotoni bila mwenyewe kujua. Pingamizi linalofanana nalo husema mtoto anahitaji vijidudu ili kinga yake ikomae. Hilo nalo ni kweli, lakini si vijidudu vyovyote. Mtoto anayenyonya hujazwa na bifidobakteria, wasio na mkia wala flajelini, na maziwa ya mama humletea kingamwili za aina ya IgA zinazowafunga bakteria kabla hawajaufikia ukuta. Huko ndiko kukomaa kwa kinga. Kumeza kinyesi cha kuku au cha ng'ombe kilichokaukia uani ni jambo jingine kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kudumaa si njaa tu? Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya (KDHS) wa 2022 ulipata kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kilifi, kaunti jirani na Tana River, iliongoza nchi nzima kwa asilimia 37. Umaskini wa chakula uko wazi katika takwimu hizo. Lakini njaa na mchochota havishindani, vinasaidiana. Mtoto mwenye utapiamlo hujenga ukuta dhaifu wa utumbo, na utumbo uliochakaa hupoteza hata chakula kichache kilichopatikana. Anayetaka kuutibu utapiamlo kwa chakula peke yake atakuta sehemu ya jasho lake inatoka na choo. Hata chanjo za matone huguswa. Chanjo ya rota, iliyoingizwa katika ratiba ya Kenya Julai 2014, ilipojaribiwa Kenya, Ghana na Mali ilizuia takriban asilimia 39 ya ugonjwa mkali, ilhali katika nchi tajiri kinga yake ilizidi asilimia 90. Sababu ni nyingi, lakini utumbo uliojaa mchochota ni miongoni mwa washukiwa wakuu.

Wengine watauliza: ikiwa tatizo ni bakteria, kwa nini tusiwape watoto dawa za antibiotiki tukamaliza? Jambo hilo limejaribiwa karibu na kwetu. James Berkley na wenzake waliwapa watoto 1,778 wenye utapiamlo mkali, waliotibiwa katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi, dawa ya kotrimoksazoli kila siku au dawa ya mfano isiyo na nguvu. Matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Haydom, jaribio la watoto 1,188 liliwapa baadhi yao azithromaisini na dawa nyingine kwa ratiba, na matokeo ya 2021 yakaonyesha kwamba urefu wao haukuzidi wa wenzao. Haishangazi. Dawa huwaondoa bakteria wa leo, na kesho mtoto hunywa maji yaleyale, huku bakteria wema wakiwa wameuawa pia na wale sugu wakiwa wamebaki. Kumnunulia mtoto kidonge dukani kila tumbo linaponguruma ni kumwondolea wapangaji wema na kuwaachia nyumba wavunjaji.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Jaribio la WASH Benefits lililofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, likiwa na wajawazito zaidi ya 8,000, lilisambaza klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono, na matokeo ya 2018 yakaonyesha kwamba hatua hizo hazikuwarefusha watoto wala kupunguza kuharisha. Waliopewa lishe ya ziada walirefuka kidogo tu. Je, hilo halivunji hoja nzima? Lingeivunja kama hatua hizo zingekuwa zimeondoa bakteria kinywani mwa mtoto na bado asikue. Lakini choo bora cha nyumba moja hakizuii kinyesi cha nyumba ya pili, klorini ya hiari hutumika baadhi ya siku tu, na hakuna kati ya hatua hizo iliyomtenganisha mtoto anayetambaa na kinyesi cha mifugo. Wito wa kinga hautegemei kiasi kikubwa. Flajelini kidogo kila siku inatosha. Kwa mtazamo huo, jaribio lile limetufundisha kwamba nusu ya usafi huleta pungufu ya nusu ya faida. Wala haimaanishi kwamba maji safi ni kazi bure. Uchambuzi ulioongozwa na Michael Kremer, mshindi wa tuzo ya Nobeli ya uchumi ya 2019, ulijumlisha majaribio mengi ya kusafisha maji na kukuta kwamba yalipunguza vifo vya watoto kwa takriban robo. Maji safi huokoa uhai kwanza. Kimo kinadai zaidi ya hapo.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, yanayofuata yanajulikana. Kwa mzazi wa Wema au wa kijiji jirani cha Hewani, maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza ndiyo kinga ya utumbo iliyo bora na isiyouzwa. Maji ya mtoto yachemshwe au yatiwe dawa hata wakati ambapo hakuna mlipuko, na hata anapoonekana mzima. Kuku na mbuzi wawe na mahali pao, na mtoto anayetambaa awe na mkeka au uzio wake. Anapoharisha, ORS na zinki zianze nyumbani, na choo chenye damu kipelekwe kituo cha afya badala ya duka la dawa. Kwa serikali ya kaunti, deni ni kubwa zaidi: maji yaliyosafishwa kwenye chanzo na kufika kijiji kizima, vyoo vilivyoinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko, na sehemu za kunyweshea mifugo zilizotengwa na zile za kuteka maji, zikipangwa na wakulima na wafugaji wakiwa wamekaa pamoja. Tena kaunti ianze kutoa taarifa za urefu wa watoto kwa uzito uleule inaotolea taarifa za kipindupindu. Mlipuko usiporipotiwa, isiwe sababu ya kufunga daftari. Kijiji ambacho watoto wake hawaharishi lakini hawakui bado ni kijiji kigonjwa, na bajeti ya afya inapaswa kukihesabu hivyo.